Thunderbird au Mustang? Mwongozo kamili wa kulinganisha Ford mbili za kale kabla ya kutoa pesa

Ford Thunderbird ya viti viwili ilidumu kwa miaka mitatu tu ya modeli, 1955 hadi 1957, na jumla yake ni magari 53,166. Ford Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ya kuanzia dola 2,368, na ilipofika Machi 1966 Mustang ya milioni moja ilikuwa imeshatoka kiwandani. Mtu anayeanza kukusanya magari ya kale akiziona namba hizi huamua palepale kwamba lililo adimu ndilo la kununua.

Napingana na uamuzi huo kwa moyo wote. Adimu ni sifa ya modeli nzima, lakini wewe hununui modeli, unanunua gari moja lenye kutu yake, injini yake na makaratasi yake. Thunderbird mbovu itakumaliza haraka kuliko Mustang mbovu, na Mustang yenye ushahidi kamili itakupa raha na usalama wa pesa kuliko Thunderbird ya hadithi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana kila moja inaweza kukuokoa gharama ya inayofuata.

Hatua ya 1: Elewa magari haya yalijengwaje

Thunderbird ilikuwa jibu la Ford kwa Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Ilionyeshwa Detroit Februari 1954 na kuanza kuuzwa Oktoba mwaka huohuo. Corvette ya kwanza ilikuja na bodi ya faiba na injini ya silinda 6. Ford wakatoa bodi ya chuma na V8 tangu siku ya kwanza. Bodi ilitengenezwa na kampuni ya Budd, na gari likaunganishwa Dearborn, Michigan, likiwa na chesisi yake ya pekee: bodi inakaa juu, imefungwa kwa boliti.

Mustang, mradi uliosukumwa na Lee Iacocca, mmoja wa wakuu wa Ford wakati ule, ilijengwa juu ya mifupa ya Ford Falcon ili bei iwe chini. Haina chesisi ya kutenganisha na bodi. Sakafu, boriti za mbele, kingo za chini ya milango na minara inayoshika shokapu za mbele vyote vimechomelewa pamoja, na hiyo ndiyo chesisi.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayoongoza ukaguzi wako wote. Kutu kwenye bodi ya Thunderbird ni gharama kubwa, lakini chesisi chini yake inaweza kuwa nzima. Kutu mahali pabaya kwenye Mustang ni gari lililovunjika mgongo.

Mifupa hiyo ya Falcon si dhaifu, hata hivyo. Mwaka 1964 Ford walileta Mercury Comet kwenye Safari Rally ya Afrika Mashariki, na Comet nayo ilitokana na Falcon. Yalipigwa na matope na mashimo ya barabara zetu, na mawili kati yake yakafika mwisho.

Hatua ya 2: Chagua mwaka kabla ya kuchagua gari

Kwa Thunderbird, miaka mitatu ni magari matatu. La 1955 ndilo safi kwa macho, mistari michache, hakuna kilichozidi, ila umeme wake ni wa volti 6 na ndani kuna joto kali kwa kuwa hewa haipiti vizuri. La 1956 lilipata volti 12 na vifuniko vya hewa ubavuni, kwenye madigadi ya mbele. Tairi la akiba likatolewa nje nyuma ili buti lipate nafasi, na paa gumu likaweza kuagizwa na vidirisha vya duara pembeni. La 1957 lilirefushwa nyuma, likaota mapezi, tairi la akiba likarudi ndani ya buti, na injini zikaongezwa nguvu. Hilo la mwisho ndilo lililotengenezwa kwa wingi zaidi, magari 21,380, kwa kuwa uzalishaji uliendelea hadi Desemba 1957 wakisubiri modeli mpya ya viti vinne.

Kwa safari ndefu, mimi ningechukua la 1957. Kwa kuliangalia tu kila asubuhi, la 1955.

Kwa Mustang, miaka ya 1965 na 1966 inafanana sana, na wengi hawawezi kuitofautisha wakiwa mbali. Yale yaliyotengenezwa kabla ya Agosti 1964 yana jenereta badala ya alteneta, na wauzaji huyapandishia bei kama toleo la pekee. Kisheria yote ni ya modeli ya 1965, na namba zake za chesisi huanza na 5. Jambo la maana zaidi hapa ni umbo: la paa gumu la kawaida ndilo jingi mno na ndilo la bei nafuu, la paa la kukunja na lile la mgongo ulioteremka ndiyo yanayotafutwa. Usilinganishe Thunderbird na Mustang ya paa gumu ukasema umelinganisha. Weka la wazi kwa la wazi.

Hatua ya 3: Soma namba ya chesisi kwanza, rangi baadaye

Kabla hujasafiri kwenda kuliona gari, mwombe muuzaji picha ya namba ya chesisi. Akikutumia picha ya hati peke yake, omba tena picha ya chuma chenyewe.

Kwenye Mustang fungua boneti, tazama upande wa dereva, juu ya paneli ya ndani ya madigadi. Namba imegongwa pale kwenye chuma. Tuchukue inayoanza 5F08C. Tarakimu 5 ni mwaka 1965. F ni kiwanda cha Dearborn (R ni San Jose, T ni Metuchen, New Jersey). 08 ni paa la kukunja. 07 ni paa gumu. 09 ni mgongo ulioteremka. Herufi inayofuata ni injini: T ni silinda 6 ya inchi za ujazo 200, C ni V8 ya 289 yenye nguvu farasi 200, A ni 289 hiyohiyo yenye nguvu farasi 225, na K ndiyo ya nguvu farasi 271, ile ambayo wakusanyaji huisaka usiku na mchana.

Sasa linganisha herufi hiyo na gari lililo mbele yako. Namba ikisema T na chini ya boneti kuna V8, injini ilibadilishwa. Inama pia uhesabu nati za tairi: Mustang ya silinda 6 ilitoka na nati 4 kila gurudumu, ya V8 nati 5. Ukikuta V8 imekaa juu ya nati 4, aliyebadilisha aliacha breki ndogo na usukani mwepesi vya silinda 6, na gari hilo sasa linakwenda kasi kuliko linavyoweza kusimama.

Ulaghai unaopatikana zaidi ni wa beji za GT. Kifurushi cha GT kilianza kutolewa Aprili 1965, na kiliruhusiwa kwa injini za A na K tu. Kwa hiyo GT yenye herufi C au T si GT ya kiwandani, hata iwe na mistari ubavuni, taa za ukungu na ekzosi zinazochungulia chini ya bampa ya nyuma. Tarehe nayo inasema. Kwenye kibati kilicho kwenye mlango wa dereva kuna alama kama 15C: siku ya 15, mwezi wa tatu, maana A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi. GT ya Januari 1965 haipo. Kumbuka tu kwamba vibati vya mlango vinatengenezwa upya na kuuzwa, kwa hiyo kibati kikipingana na namba iliyogongwa kwenye chuma, amini chuma.

Kwenye Thunderbird ya 1957 herufi ya kwanza ndiyo injini. C ni V8 ya inchi za ujazo 292 yenye nguvu farasi 212. D ni ya 312 yenye 245. E ina kabureta mbili, nguvu farasi 270. F ina kipuliza hewa (supercharger, kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini) na inatoa 300. Za F zilitengenezwa mia mbili na kidogo tu, na bei yake ni ulimwengu mwingine. Kwa sababu hiyo watu huchukua gari la D, wakalifunga kipuliza hewa kizuri kabisa, wakaliuza kwa jina la F. Kipuliza hewa hununuliwa popote. Herufi iliyogongwa haifungwi kwa spana, ila inaweza kuchezewa, kwa hiyo hapa lipa mtaalamu wa Classic Thunderbird Club International aje akague. Usitumie akili yako peke yako kwa gari la F.

Jambo jingine la kukuokoa. Muuzaji akikwambia Mustang ya 1965 ina "namba zinazolingana" za injini na chesisi, muulize anazithibitishaje. Kwa miaka hiyo, injini zilizogongwa namba ya gari ni za K. Kwa C na A unachoweza kuthibitisha ni tarehe ya kumiminwa chuma: tafuta alama kama 5B12, yaani 1965, Februari, tarehe 12, na iwe kabla ya tarehe ya kuunganishwa gari, wiki chache au miezi michache. Vilevile akikuambia ana ripoti ya Marti, yaani karatasi ya kulipia inayoonyesha gari lilivyotoka kiwandani, ya gari la 1965, simama hapo. Ripoti hizo zinatokana na kumbukumbu za Ford kuanzia modeli ya 1967.

Hatua ya 4: Kutu. Hapa ndipo pesa zinapozama

Nenda na tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, jeki ya kuaminika na jagi la maji.

Mustang ina ugonjwa mmoja uliojificha kuliko yote. Chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa, kuna matundu ya kuingiza hewa. Chini yake kuna sanduku la chuma ambalo lilipakwa rangi vibaya kiwandani, na maji yakituama na majani likatoboka kwa ndani ambako huwezi kuliona. Mwombe muuzaji ruhusa, mwenzako alale chali ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi, tochi mkononi. Wewe mwaga maji polepole kwenye matundu ya upande wa dereva, halafu ya abiria. Gari lisilo na kutu hapo litatema maji chini, nyuma ya magurudumu ya mbele. Bovu litamlowesha mwenzako usoni. Kulikarabati kunataka kukata na kuchomelea mamia ya nukta za kiwandani, kazi ya wiki kadhaa, na fundi anayeijua vizuri ni ghali. Muuzaji akikataa jagi la maji, umeshapata jibu.

Ukitoka hapo, ingia chini ya gari. Gonga kwa kidole boriti mbili za mbele, visanduku vya chuma vinavyoziunganisha na kingo za chini ya milango, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Sauti ya chuma kizima ni kavu na fupi. Kilichooza au kilichojazwa pati huitika kwa uzito. Angalia chini ya betri, maana asidi imekula pale miaka 60. Fungua buti uinue zulia: tangi la mafuta la Mustang ndilo sakafu ya buti lenyewe, na kingo zake hushika unyevu.

Kwa Mustang ya wazi fanya jaribio moja la ziada. Gari likiwa chini, fungua na ufunge mlango, ukumbuke ulivyofunga. Kisha liinue kwa jeki upande wa nyuma, ufunge tena. Mlango ukikwaruza au uwazi wa juu ukibana huku wa chini ukipanuka, kingo zimekwisha na gari linajikunja katikati. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo, isipokuwa unanunua spea.

Thunderbird inaoza kwingine. Anza nyuma ya magurudumu ya mbele, chini ya madigadi, ambapo matope hujibana. Halafu kingo za chini ya milango, kipande kidogo kilicho mbele ya gurudumu la nyuma, sakafu ya buti na sehemu za chini za milango. Pitisha sumaku taratibu. Usishtuke ikiteleza kwenye maungio machache, kwa kuwa mafundi wa zama zile walijaza maungio kwa madini ya risasi. Paa gumu nalo ni faiba, sumaku haitashika kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Ila ikiteleza katikati ya paneli pana, chini ya rangi kuna pati. Mwisho angalia chesisi pale inapopanda juu kuvuka ekseli ya nyuma, na mahali bodi inapofungiwa.

Tumia macho pia kwa nafasi kati ya paneli. Simama mbele, chuchumaa, fuata mstari wa boneti mpaka mlangoni. Bodi ya Thunderbird iliyowahi kugongwa ni vigumu sana kurudi sawa, na paneli zake mpya ni ghali. Mustang ndiyo inayokusamehe hapa: karibu kila kipande kinatengenezwa upya, hata maganda mazima ya bodi yanauzwa mapya.

Hatua ya 5: Sikiliza injini ikiwa baridi

Omba gari lisiwashwe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, mtu anaficha namna inavyowaka.

V8 ya Thunderbird ni ile familia ambayo mafundi huita Y-block, imara kwa chini na yenye udhaifu mmoja maarufu juu. Oili ya kulainisha roka hupita kwenye beringi ya katikati ya kamshafti, na beringi hiyo ikichakaa au njia ikizibwa na uchafu, roka hukauka. Muulize muuzaji kama unaweza kufungua kifuniko cha roka injini ikizunguka taratibu. Oili inatakiwa itiririke kwenye kila roka, pande zote mbili. Ukiona sehemu kavu yenye rangi ya kuungua, tenga bajeti ya kufungua injini. Mlio mwepesi wa tiki-tiki ni wa kawaida kwake, kwa sababu vali hurekebishwa kwa mkono.

Kwa Mustang ya C au A mlio huohuo si wa kawaida, maana vali zake hujirekebisha kwa shinikizo la oili. Ya K ndiyo inayolia kama Thunderbird. Mnunuzi asiyejua hili huikimbia K nzuri na kuikumbatia C mbovu. Kwa ujumla 289 ni injini isiyokusumbua: nyepesi, spea tele, na fundi yeyote aliyezoea kabureta ataielewa kwa siku moja.

Hatua ya 6: Yaendeshe yote mawili, ikiwezekana siku moja

Thunderbird itakushangaza kwa ulaini. Umekaa chini, mguu umenyooka mbele, usukani unavutwa karibu au kusukumwa mbali, na barabarani linaelea. Kwenye kona linalalia upande, na mguu wa kulia unapata joto la injini. Mustang unaihisi kuwa fupi, inageuka upesi, ina nafasi ya watoto nyuma. Wenye familia wanaotaka kutoka Jumapili hawana haja ya kufikiria sana.

Breki zote mbili zichukulie kwa tahadhari. Magari haya yana mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote zinaondoka. Kubonyeza kanyagio na kulishikilia dakika nzima gari likiwa limesimama kutakuonyesha kama linazama. Ukishanunua, kufunga pampu ya mifumo miwili ni badiliko ninalolitetea hata mbele ya majaji wa mashindano wanaotaka kila kitu cha asili. Kipande cha zamani kifungie kwenye sanduku, umrithishe mnunuzi ajaye.

Hatua ya 7: Bei

Usipige hesabu kwa bei zinazotangazwa. Tafuta bei zilizolipwa kwenye minada, za miezi 12 iliyopita, za mwaka uleule, umbo lilelile na herufi ileile ya injini, na ukumbuke kujumlisha ada ya mnada anayolipa mnunuzi. Ziwe angalau kumi kwa kila upande. Kisha toa makisio ya fundi ya kutibu ulichokiona kwenye hatua ya 4 na 5, ukiongeza theluthi moja, maana kutu inayoonekana huwa na ndugu isiyoonekana.

Ukifanya hivyo utaona mara nyingi kwamba Thunderbird ya hali ya kati ndiyo mtego mkubwa: inauzwa ghali kwa jina, lakini kuifikisha hali nzuri kunazidi thamani yake ikikamilika. Kwa Thunderbird nunua nzuri kabisa au uache. Mustang ya C ya wazi, yenye sanduku kavu chini ya kioo na tarehe zinazolingana, unaweza kuinunua ikiwa ya kati na kuiboresha kidogo kidogo bila kufilisika. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo ningemwambia achukue. Thunderbird iwe ya pili, baada ya kulijua jicho lako na fundi wako.

Hatua ya 8: Makaratasi na usafirishaji

Jina kwenye hati ya umiliki liwe la anayekuuzia, na namba ifanane herufi kwa herufi na ile uliyopiga picha. Ukilitoa Marekani, forodha yao hutaka gari na hati halisi viwasilishwe angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo hati iliyo bado benki au kwa mwenye zamani itakukwamishia kontena bandarini.

Usukani nao uupange mapema. Thunderbird hizi na Mustang zilitoka kiwandani usukani upande wa kushoto. Kwa msomaji wa Muscat, Dubai, Lubumbashi au Kigali hilo halina tatizo, barabara zinakubali. Kwa wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, uliza mamlaka ya usajili kwa maandishi kabla ya kulipa, na uwe mwangalifu na Mustang inayotangazwa kuwa ya usukani wa kulia "tangu mpya". Ford Australia walibadilisha chache katikati ya miaka ya 1960. Nyingi mno zilizobaki zilibadilishwa gereji. Kagua mahali boksi la usukani limefungwa kwenye boriti ya kulia, na kama kuna kipande kilichochomelewa hapo, mwonyeshe fundi kabla ya kusaini.